Sifa za Kirusi, Mhudumu Asiyestaafu

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP. Ilikuwa imeitoa Oktoba 2001, na kwa miaka kumi na miwili XP ikabeba ofisi za kata, maabara za shule, kaunta za hoteli na stesheneri zisizo na idadi. Siku hiyo mwenye mali akasema basi, nyufa zitakazoonekana kuanzia leo hazizibwi tena. Wengine wakafuata. Wenye vivinjari wakajitoa mmoja mmoja, wenye antivairasi wakatangaza kwamba toleo jipya halikubali humo, printa mpya zikaja na sidii isiyomtambua mzee. Katika wote waliowahi kula na XP alibaki mmoja aliyekataa kuanua tanga. Kirusi kilikaa. Hata sasa, iwashe XP yako ya zamani, ichomeke moja kwa moja kwenye intaneti bila kinga yoyote, nacho kitakuja kukujulia hali.

Kwa hilo tu kinastahili kusifiwa, na sijaona aliyekisifu. Fundi hukitukana huku kikimlisha. Wenye antivairasi hukichafulia jina kila leseni inapokaribia kuisha, utadhani wana shamba jingine wanakolima. Basi acha mimi nikae upande wake, walau kwa kurasa hizi.

Kwetu mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa nani, na kirusi kina nasaba nzuri. Mwaka 1982 Rich Skrenta, mvulana wa miaka 15 huko Pennsylvania, aliandika Elk Cloner, iliyohama kutoka diski hadi diski na kila ikifika mara ya 50 ya kuwashwa ikamwonyesha mwenye kompyuta shairi fupi. Haikuiba, haikudai. Ukoo ulianzia kwenye utunzi. Na kompyuta zenyewe zilikuwa Apple II, jambo ambalo ningependa wasomewe polepole wale wenye laptopu za tunda lililong'atwa wanaokuambia, kwa sauti ya mtu aliyechanjwa, kwamba kwao virusi havipandi.

Mwaka 1986 wakaja ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi. Walikuwa wanauza programu, watu wakawa wanazinakili bila kulipa, wakatengeneza Brain ili wajue nakala zinafika wapi. Ndani ya kirusi hicho waliweka majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Kikasambaa hadi Marekani na Uingereza, na watu wakawapigia kweli, na simu ikapokewa. Juzi nimepigia kampuni moja ya programu niliyoilipa kwa pesa yangu halali. Nilichezewa muziki, nikaambiwa nibonyeze 4, nikabonyeza, nikachezewa muziki uleule.

Hata wasomi wamo. Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo uliokaba kompyuta za Unix, zile za vyuo vikuu na maabara za serikali ya Marekani. Makadirio ya wakati ule yalitaja kama 6,000. Baba yake alikuwa mwanasayansi mkuu wa usalama wa kompyuta katika shirika la ujasusi la NSA. Kijana alitiwa hatiani, akatumikia kifungo cha nje, baadaye akawa profesa wa MIT. Onyesha ukoo mwingine wa wahuni uliofikisha mtoto huko.

Lakini hao ni vigogo wa mbali. Wa kwetu, aliyekula nasi na kulala nasi, ni kirusi cha shotikati.

Nenda stesheneri yoyote iliyo jirani na chuo, wiki ya kukusanya ripoti za fildi. Binti anaivua flashi iliyoning'inia shingoni pamoja na kitambulisho, anaichomeka kwenye kompyuta ya duka. Folda zipo, majina yaleyale, ila kila moja ina kimshale kwenye kona ya chini kushoto, na uzito wake ni kilobaiti moja au mbili. Ripoti yenye picha za mitambo, majedwali na saini ya msimamizi iliyoskaniwa, yote kilobaiti mbili. Anabofya mara mbili akiwa ameshika pumzi, na folda inafunguka! Hapo ndipo unapoona adabu. Kile kimshale hakikuwa folda, kilikuwa amri: kwanza kirusi kijiendeshe, kijikopi kwenye kompyuta ya duka, ndipo kimfungulie mwenye mali mlango wa chumba chake mwenyewe. Hakikufuta hata nukta. Folda halisi zilikuwemo humohumo, zimepigwa alama mbili ambazo Windows yenyewe ilizitunga, ya faili lililofichwa na ya faili la mfumo. Kirusi hakikuvunja kufuli lolote. Kilitumia fomu za ofisi kama zilivyo.

Kijana wa kaunta hashtuki. Anafungua kile kidirisha cheusi, anaandika attrib -h -r -s /s /d bila kutazama kibodi wala kujua herufi hizo zinasimamia nini, anabonyeza, na folda zinarudi zikiwa na rangi iliyopauka kisha zinakolea. Binti anatoa buku la kusafisha flashi, anaprinti, anabaindi, anaondoka akimshukuru Mungu na kijana kwa mpangilio huo. Flashi yake imetoka imeambukizwa upya, kwa sababu kompyuta ya duka ndiyo kiota. Ukutani pamebandikwa karatasi: FLASH ZOTE ZISKANIWE KWANZA. Imeprintiwa na kompyuta hiyohiyo.

Nyuma ya binti kwenye foleni kuna mtu wa Ubuntu, yaani wa Linux. Kila chuo kinaye. Amechomeka flashi kama ile kwenye laptopu yake, na kwake mambo ni kinyume: folda zote ziko wazi, kwa kuwa Linux haijali zile alama za kuficha, vimshale ni mafaili tu yasiyofungua kitu, na kirusi chenyewe, kile kifaili cha .vbs, kimelala ubavuni pa ripoti mchana kweupe, kikisubiri programu ambayo haimo humo. Anacheka. Anakifuta kwa kidole kimoja. Halafu anamweleza kila anayesikia na asiyesikia kwamba mngehamia Linux msingeteseka.

Sasa muulize amefuata nini stesheneri. Printa aliyonunua haina draiva ya Linux. Jedwali la LibreOffice limefunguka kwenye Word ya msimamizi likiwa limevunjika mbavu. Programu ya uhasibu anayotakiwa kuitumia kazini iko ya Windows tu. Kila anayeuza programu amemtazama, amehesabu wenzake ni wangapi, akaona hawatoshi kugharimia kuwaandikia toleo lao. Mwandishi wa kirusi cha shotikati naye alipiga hesabu hiyohiyo. Mtu wa Ubuntu anaita la kwanza dhuluma na la pili usalama, ilhali ni uamuzi mmoja. Wapo waliotumia programu ya Wine kuendesha za Windows ndani ya Linux wakafanikiwa kuendesha hata virusi vya Windows humo, na naona hiyo ndiyo siku walipokaribishwa sebuleni.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure, inayokubali Windows na Linux. Kirusi hakikuona sababu ya kuifuata kwa bidii. Sisi pia, kwa sehemu kubwa, hatukuiona. Wote tulibaki kwenye Office ya kukraki.

Asidhani mtu kwamba kirusi kina ubaguzi. Watu wakiongezeka mahali, kitapafikia. Mwaka 2012 Flashback iliingia kwenye Mac kama 600,000 kupitia ufa wa Java. Oracle, wenye Java, walikuwa wameuziba Februari. Kiraka cha Apple kwa wateja wake kikafika Aprili. Katikati hapo mtu alilazimika kuwahudumia wale wateja. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Linux, tena si ya kwenye meza: Mirai ilijaza kamera za ulinzi na visanduku vya kurekodia picha, kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, admin na wenzake. Kamera hizo, zilizofungwa zimwangalie mwizi, Oktoba mwaka huo ziliiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kubwa, na Twitter na Netflix zikapotea kwa saa kadhaa kwa watu wengi Marekani. Mwenye kamera hakugundua lolote. Picha ya geti ilikuwa inaonekana vizuri.

Jambo linaloniridhisha zaidi ni kwamba kirusi kinaijua hali yetu ya uchumi kuliko wanaotuuzia kinga. Apdeti ya Windows ni gigabaiti kwa gigabaiti. Ukiiruhusu Jumatatu, bando la wiki limekwisha kabla ya Jumanne, halafu inakudai urestati katikati ya barua ya kuomba kazi. Kirusi cha shotikati ni kilobaiti kadhaa. Hakihitaji bando, kinasafiri kwa mkono. Hakiulizi una RAM kiasi gani, hakikupi kisanduku cha masharti cha kurasa hamsini ubofye kwamba umesoma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya bure ya kawaida, na Windows 11 haitaki kuingia kwenye mashine isiyo na chipu ya TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba, zilizokuja kutoka Ulaya na Dubai na bado zinapiga kazi vizuri, zimeambiwa umri wao umepita. Kirusi hakijawahi kumwambia mtu hivyo.

Tena kinatuvumilia. Mtu anataka Windows bila kulipa, anashusha kraki, na maelekezo ya kraki yanaanza: kwanza zima antivairasi. Anazima. Yaani amempa mlinzi likizo, akaacha geti wazi, akaandika na jina la mgeni mlangoni. Baada ya wiki anamwita fundi, analalamika kwamba kompyuta ni nzito, fundi anapiga Windows upya kwa flashi yake ya kazi yenye kraki ileile. Au anamwekea antivairasi tatu kwa mpigo ili kinga iwe kali, nazo zinaanza kufukuzana zenyewe, kila moja ikimwona mwenzake ndiye adui. Kirusi kinakaa pembeni, hakijafanya kitu.

Nimebakiza kimoja, na hicho ndicho kilele cha ukoo. Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilipita katika nchi zaidi ya mia moja ikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Ilipitia ufa wa Windows ambao NSA waliujua wakanyamaza nao, ukaibwa, ukaanikwa hadharani Aprili na kundi lililojiita Shadow Brokers. Hospitali za umma Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kwa tukio hilo Microsoft walifanya ambalo barua za wateja hazikuweza: wakatoa kiraka cha Windows XP, waliyoizika miaka mitatu kabla. Mzee akafukuliwa, akadungwa sindano. Lakini wengi walioumizwa hawakuwa wa XP, walikuwa wa Windows 7, ambao kiraka chao kilikuwa kimetoka tangu Machi 14, kikawasubiri miezi miwili huku wakibofya "nikumbushe baadaye". Mbio hizo zilipunguzwa na Mwingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeona kirusi kinaulizia anwani fulani ya tovuti isiyo na mwenyewe, akaisajili kwa dola kumi na kitu.

Huduma kwa wateja ya WannaCry ingefaa kufundishwa vyuoni. Kulikuwa na kitufe cha kuwasiliana. Kulikuwa na sampuli: unafunguliwa mafaili machache bure ujionee kazi. Bei ilielezwa mapema, siku tatu kisha inakuwa maradufu, siku saba mafaili yanapotea. Kwa walio maskini kabisa wasioweza kulipa katika miezi sita iliahidiwa siku ya kufunguliwa bure. Sijawahi kuahidiwa hivyo na mtu anayenidai. Na maelezo yote yalipatikana katika lugha 28, zikiwemo Kilatvia na Kislovakia.

Kiswahili hakikuwemo.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi, nikiamini kwamba aliyesifiwa kiasi hiki hatakosa sikio. Tangu 2021 UNESCO imekipa Kiswahili siku yake duniani, 7 Julai, kwa hiyo kisingizio cha kutokifahamu hakipo tena. Toleo lijalo lituandikie na sisi, tena liandikwe na mtu. Zile tafsiri za 2017 nyingi zilipitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, na si vizuri mtu afilisiwe kwa ngeli mbovu. Malipo yapokelewe kwa simu, kwa sababu wakala wa mtaani kwetu bitcoin haijui, na ikifika saa kumi na moja jioni huwa hana floti. Ile saa ya kuhesabu siku tatu, tafadhali, isianzishwe Jumamosi.