Dereva Mmoja, Sauti Mbili: Wahandisi Watano wa Formula 1 Ninaowavulia Kofia

Mashabiki wa mtaa wetu wa Mutanga Sud, mbio zikianza mnabishana dereva gani mkali hadi chai inapoa. Sawa. Ila huyo aliye peke yake kitini ana mtu sikioni: mhandisi wake, yuko kwenye ukuta wa piti, anasoma joto la tairi, breki na mafuta, kisha anaamua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Mimi nawapanga kwa sauti zao. Tunashuka kutoka wa tano.

5. Simon Rennie. Abu Dhabi, 2012. Kimi Räikkönen anaongoza, Rennie, mhandisi wake, anamwarifu Fernando Alonso yuko umbali gani nyuma. Kimi akamjibu amwache, anajua la kufanya. Na akashinda! Mwenye kununa asiguse redio.

4. Tom Stallard. Mhandisi wa Oscar Piastri, mwenye medali ya fedha ya makasia, Beijing 2008. Alikuwa katika mashua ya wapiga makasia wanane, ambayo hubeba na wa tisa, mwenye kazi ya kuongoza na kusema. Stallard aliisikia sauti kabla ya kuwa sauti.

3. Laura Müller. Mwaka 2025, timu ya Haas ilimkabidhi dereva Esteban Ocon: mwanamke wa kwanza kushika kazi hii kwa kudumu katika Formula 1. Dada zetu wa kampasi ya Mutanga, hesabu mnazo, njia hiyo!

2. Rob Smedley. Tarehe 25 Julai 2009, Hungaria, springi iliyochomoka kwenye gari la mbele ilimpiga dereva wake wa Ferrari, Felipe Massa, kichwani, akaponea chupuchupu. Mwaka mmoja kamili baadaye, Hockenheim, Massa anaongoza, Ferrari wanataka mwenzake Alonso apite. Nani amwambie? Rob. Akatamka polepole kwamba Fernando ana kasi zaidi, akauliza kama ameelewa. Massa akapisha, Rob akamwomba radhi hewani. Ferrari walitozwa dola 100,000. Amri ya wakubwa, donge la Rob.

1. Peter "Bono" Bonnington. Silverstone, 2 Agosti 2020, mzunguko wa mwisho. Tairi ya mbele kushoto ya dereva wake wa Mercedes, Lewis Hamilton, imepasuka, mpira unachanika, Verstappen anakuja mbio. Bono hapigi kelele. Anahesabu tu sekunde zilizobaki kati yao, zikipungua, kwa utulivu uleule. Hamilton akavuka mstari akiwa mbele kwa sekunde 5.856, kwa matairi matatu! Mwaka 2025 Hamilton akahamia Ferrari. Bono alibaki Mercedes, sikioni mwa Kimi Antonelli, aliyeanza akiwa na miaka 18.