Mzamiaji Mwenye Vibali

Nilipomwambia mama kwamba natafuta kazi ya kuzamia nje ya nchi, aliweka mwiko chini, akafunika sufuria, akavaa buibui na kwenda kumwita ami. Ami alifanya kazi bandarini Malindi, Unguja, miaka mingi na wazamiaji anawajua: wale wanaojibanza kwenye makontena, wakaibuka Durban wamebaki mifupa. Alikaa, akakohoa, akaanza mahojiano.

"Unazamia meli gani?"

"Siendi kwa meli, ami. Naenda kwa ndege."

Akamtazama mama, kisha akanigeukia mimi. "Ndege? Humo utajificha wapi?"

Ikabidi nitoe kadi yangu ya PADI, ile ya plastiki yenye picha, niwaeleze kuwa mimi ni mwalimu wa mbizi, kwamba Wazungu wananilipa niwafundishe kupumua chini ya maji, na kwamba huko nje naomba kwenda kuifanya kazi hiyohiyo kwa viza na kibali. Ami aliigeuza kadi pande zote. "Kwa hiyo siku hizi serikali inakupa kibali cha kuzamia?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka. "Basi dunia imekwisha," akasema, akaenda zake barazani.

Mbizi zenyewe hazina shida. Ili uwe mwalimu unatakiwa uwe umeshazama angalau mara 100, na kijana wa Nungwi hizo anazimaliza kabla hajaota ndevu za maana. Kuna mitihani, kuna mafunzo ya huduma ya kwanza, kuna kuokoa mtu mzima aliyejifanya amezirai huku anacheka ndani ya maski. Yote hayo yanapitika. Tatizo ni kwamba ushauri wote duniani kuhusu kazi hii umeandikwa kwa ajili ya watu wenye pasipoti nyingine.

Kila kijana wa Kizungu niliyefanya naye kazi aliniambia niende Australia, kuna viza ya likizo na kazi, rahisi kabisa. Nikaitafuta orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Ufaransa ipo, Japani ipo, Estonia ipo. Afrika nzima, hakuna hata nchi moja. Mjerumani mmoja alinisimulia jinsi alivyofanya kazi shambani kule kwa siku 88, ambazo ndizo sheria inazodai, ili aongezewe mwaka wa pili. Alichuma maembe. Mama aliposikia akashangaa. "Ametoka kwao mpaka huko kuchuma maembe? Si angekuja hapa nyuma ya nyumba?"

Nikageukia Thailand. Huko kampuni inayotaka kuajiri mgeni inatakiwa iwe na mtaji wa baht milioni 2 na wafanyakazi wanne Wathai kwa kila mgeni mmoja. Yaani ili mimi nipate kazi, kwanza wapatikane Wathai wanne. Ami akauliza kama hao wanne ni wa kunilinda nisitoroke. Kituo kimoja cha mbizi kikanijibu vizuri sana, meneja ananiita rafiki, mpaka tulipofika kwenye suala la kibali. Njoo kwanza kwa viza ya utalii, akasema, mengine tutayaona ukifika.

Hayo "mengine" nayajua, maana nimeyaona kwetu. Maofisa wa Uhamiaji wakiteremka ufukweni, habari hufika kabla yao. Siku moja mwalimu mmoja kutoka Ulaya, jina lake namhifadhia, alikuwa katikati ya somo, wanafunzi wamekaa mbele yake kwenye mkeka. Alinitupia ubao wake, akajitumbukiza katikati ya wanafunzi, akanyoosha mkono na kuuliza kwa sauti ya kitoto: "Na papa je, wanauma?" Mimi niliyekuwa nimebeba mitungi nikawa mwalimu pale pale. Nikamfundisha kutema mate ndani ya maski na kusugua ili kioo kisiingie ukungu, jambo ambalo yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Akatema. Akasugua upande wa nje. Ofisa akasimama, akatazama kwa muda, kisha akaniambia kwa huruma: "Huyu mfundishe taratibu, anaonekana mzito wa kuelewa."

Tulicheka wiki nzima. Lakini yule akikamatwa, atapandishwa ndege, na mwezi ujao utamkuta ufukwe mwingine anatema mate kwenye maski. Mimi nikifukuzwa nchi ya watu, kila fomu ya viza nitakayojaza mpaka uzeeni itaniuliza kama nimewahi kufukuzwa popote, na hapo ndipo safari itakapoishia. Tena kwa uigizaji simfikii. Nikamwandikia meneja kwamba mimi nitakuja na kibali au sitakuja. Urafiki ukaishia hapo.

Basi nikaanza kukusanya makaratasi. Daktari wa zahanati aliisoma fomu ya afya ya wapiga mbizi, akairudia tena toka mwanzo.

"Unafuata majongoo ya bahari?"

"Hapana, daktari. Nafundisha watalii."

"Kufuata majongoo?"

"Kutazama samaki."

"Halafu mnawavua."

"Hatuwavui. Tunawatazama, kisha tunapanda juu."

"Na wanalipa?" Nikamtajia bei. Alikaa kimya, akanichungulia masikio yote mawili kwa makini kuliko kawaida, akaandika kwamba ni mzima. Alipofika kwenye nafasi ya maoni mengine, nikaona kalamu inasita.

Polisi nako walihitaji alama za vidole ili wathibitishe kwamba sina jinai. Nilitoka kwenye boti moja kwa moja, vidole vimekunyata kwa maji ya chumvi. Askari akakibonyeza cha kwanza, akakibonyeza cha pili, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Nenda kakauke," akasema, "urudi kesho."

Meneja wa hoteli moja ya Maldivi alinisaili kwa simu. Kuzama kwangu hakukumshughulisha, alitaka lugha. Kijerumani? Sina. Kirusi? Sina. Kichina? Nikaona bora niwahi: nina Kiitaliano. Sasa Kiitaliano changu ni cha ufukweni, kinajua kupunguza bei ya kitenge, kumsifia mtoto wa mtu na kueleza kwa nini boti imechelewa. Akanitaka nimwambie mwanafunzi kwa Kiitaliano kanuni ya kwanza ya mbizi, kwamba asizuie pumzi hata kidogo. Nikajitahidi. Kwa nilivyokuja kuelezwa baadaye, nilimwambia pumzi leo ni bei ya rafiki.

Mzanzibari akikwama kote, ana shangazi Maskati. Shangazi yangu ana jirani, jirani ana mkwe, na mkwe ana kituo cha mbizi. Oman kazi haiombewi kiwanjani ukishashuka. Mwajiri ndiye anayekuombea viza, wewe unakaa kwenu unasubiri. Babu zetu walingoja kusi livume, wakatweka tanga, na karatasi hawakuulizwa. Mimi nilipigwa picha ya kifua, nikachanjwa homa ya manjano, nikagongewa mihuri juu ya mihuri, na baada ya kufika nikapimwa tena ndipo nikapewa kadi ya ukaazi. Niliipiga picha nikamtumia ami. Akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba sura imetoka vibaya.

Hata visiwa vya Daymaniyat, tunakopeleka wageni, ni hifadhi tangu mwaka 1996, na kuingia ni kwa kibali. Nilipanda boti ya kwanza nikiwa nimejiandaa kwa Kiingereza na Kiarabu cha chuoni. Mwanafunzi wangu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na barua ya daktari, mzaliwa wa Malindi aliyeondoka Unguja mwaka 1964, na Kiunguja chake kimenishinda mimi. Badala ya kusikiliza maelekezo alitaka kujua bei ya karafuu, nani amehamia nyumba ya jirani yao, na kama mimi ni wa kina fulani wa Nungwi au wa kina fulani wa Mkwajuni.

Anayejaribu mara ya kwanza hapelekwi zaidi ya mita 12. Sisi tulikuwa kwenye mita chache tu, juu ya matumbawe, kasa anapita mbele yetu. Mzee akafurahi, akanionyesha kidole gumba. Chini ya maji kidole gumba maana yake ni kupanda juu, na mwalimu hana ruhusa ya kubishana nacho. Nikampandisha polepole. "Mbona umenitoa?" akafoka. "Nilikuwa nasema safi!" Tukashuka tena. Kasa akarudi, na gumba likarudi. Tukapanda, nikamweleza upya, akaapa kwamba ameelewa. Mara ya tatu alipolinyanyua nilimkazia macho nikitikisa kichwa, naye akalinyanyua kwa nguvu zaidi. Tulipofika juu akavua maski, akatema maji, akasema safari hii alitaka kupanda kweli: amekumbuka kuniuliza kama shokishoki bado zinauzwa Darajani.