Jiko Linalokula Moshi Wake

Mama mkwe wangu amewasha kila kinachowashika: mafiga, jiko la mkaa, jiko la maranda yaliyoshindiliwa kwenye debe, na siku za masika huko Pangani, kuni zote zikiwa zimelowa, makumbi na vifuu vya nazi. Moto ukimwona unajiwasha. Ndiyo maana nilipomwambia kwamba jiko letu la hapa Maine lina kitabu cha maelekezo, tena kinene, alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia binti yake. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa anaipiga hesabu upya ile mahari.

Tunaishi nje kidogo ya Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vya zamani kando ya mto Androscoggin, ambako siku hizi ukiingia dukani unasikia Kisomali kwenye mchele na Kiswahili cha Kongo kwenye samaki. Nyumba yetu ni kongwe, ya mbao, na usiku wa Januari baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta ya kupashia nyumba yana bei ya kuumiza, kwa hiyo sebuleni kuna jiko la chuma, zito kuliko sisi sote tukipimwa pamoja, lililoungwa na dohani. Kazi yake ni joto tu. Hilo halikumwingia mama tangu siku aliyotua.

"Hata wali?"

"Hata wali, mama."

"Basi limekaa pale linaota moto lenyewe."

Nilijaribu kulitetea, maana ni kitu cha akili. Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua: gesi na lami zinazopanda juu na kwenda zao kabla hazijatoa joto. Ili moshi uwake wenyewe unahitaji zaidi ya nyuzi 540 za Selsiasi, na jiko lililopunguziwa hewa ili likeshe usiku haliufikii ukali huo. Basi ndani ya jiko letu, juu, njiani mwa moshi, kuna kichocheo: sega la kauri lenye vitundu vidogo vya mraba, limepakwa paladi na platini, jamaa za madini yanayosafisha moshi wa magari ya Marekani tangu miaka ya 1970. Moshi ukipita humo unashika moto kwenye nyuzi 260 hivi. Sega linaiva na kuwa jekundu, joto linabaki nyumbani, na juu ya paa hutoka karibu mvuke tu. Serikali ya Marekani iliweka kikomo cha moshi wa majiko ya kuni mwaka 1988, na tangu 2020 jiko jipya halitakiwi kutoa zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida. Mama mkwe wangu akikaanga dagaa, gramu hizo zinakwisha kabla hajamaliza bismillahi.

Kitu cha akili kina masharti. Kuna kilango cha chuma ndani kinachoamua moshi upite wapi. Kikiwa wazi, moshi unakwenda moja kwa moja kwenye dohani. Kikifungwa, unalazimishwa kupita kwenye sega. Unapowasha, kilango kiwe wazi na mkono wa hewa uvutwe mpaka mwisho. Kama dohani imelala na baridi, hewa yake nzito inashuka badala ya kupanda, kwa hiyo unaipasha kwanza kwa gazeti lililosokotwa na kuwashwa karibu na tundu, la sivyo moshi wote unakuja kukusalimia. Kisha unasubiri. Kipimajoto kina sehemu iliyoandikwa kwamba kichocheo bado kimelala. Ukifunga kilango mapema, sega linajaa masizi na dohani inajaa kriosoti, ile lami nyeusi ambayo siku moja huamua kuwaka humohumo. Sindano ikivuka, unafunga kilango, unaacha sega lishike, na baada ya muda unapunguza hewa kidogo kidogo. Ndimi za moto zinafifia. Kioo kinakuwa cheusi.

Hapo ndipo jiko linapofanya kazi kuliko wakati wowote, na hapo ndipo kila mtu mwenye akili timamu kutoka Pangani anapoona kwamba limezimika.

"Mwanangu," mama aliniita alfajiri, akiwa ameshamaliza kuswali, kanga moja begani na blanketi letu juu yake, "moto wenu umekufa."

"Haujakufa, mama. Uko ndani ya kichocheo."

"Uko wapi? Uoneshe."

Kuuonesha sikuweza. Kwenye jiko letu sega limejificha nyuma ya bamba la chuma. Nilimwonesha kipimajoto. Alikitazama kwa adabu ambayo watu wazima huitumia kwa watoto wanaosema wamemwona malaika.

Kuanzia siku hiyo alichukua zamu ya alfajiri. Mimi nikiwa bado nimelala, yeye anaufufua moto. Tulikuwa na maboksi na karatasi za zawadi zilizobaki kwenye harusi ya rafiki zetu, za dhahabu na fedha, zinazometameta. Zote ziliingia jikoni. Iliingia mifuko ya plastiki ya mchele, yaliingia maganda ya machungwa, na kiti kidogo kilichovunjika mguu, kilichopakwa rangi ya bluu, nacho kilikatwakatwa kikafuata. Kitabu kinazikataza karibu zote kwa herufi kubwa: wino wa rangi, plastiki na mbao zilizopakwa rangi huacha vitu vinavyoganda kwenye paladi na kuifanya butu, na majivu mepesi ya karatasi huziba vitundu. Lakini nani atamwambia mama mkwe asichome karatasi nyumbani kwa binti yake?

"Mwambie wewe," nilimwambia mke wangu.

"Ni jiko lako."

"Ni mama yako."

"Basi mwache mama yangu aote moto."

Nisimseme mtu ambaye kuhusu kuni zenyewe alitushinda wote. Mwanzoni mwa majira ya baridi tulinunua lundo la kuni, futi 4 kwa 4 kwa 8, ndivyo zinavyopimwa huku, kwa jirani mmoja mzaliwa wa Lubumbashi, mcheshi, mwenye gari kubwa. "Mukubwa, hii kuni inakauka muzuri sana," alitwambia, na sisi tukaamini, kwa kuwa mtu akikuuzia kitu kwa Kiswahili katikati ya theluji, moyo unalegea. Nina kifaa cha kupima unyevu, chenye meno mawili unayoyachoma kwenye ubao. Nilichoma kwenye ncha za nje, kikasema 16 kwa mia, nikafurahi. Mama alichukua vipande viwili, akavigonganisha. Havikulia. Akasema, "Mbichi." Nikapasua kimoja, nikachoma meno katikati ambako kitabu kinataka, na kifaa kikapanda juu kabisa ya ile 20 inayoruhusiwa. Ulikuwa mwaloni, mti ambao huhitaji kama miaka miwili baada ya kupasuliwa ndipo ukauke sawasawa. Ukiutia jikoni kabla ya hapo unatoa povu kwenye ncha na kulia ssss, na mama alikuwa akiusikia tangu jikoni huku akikuna nazi iliyogandishwa. Kifaa kile alikiita simu yangu. Kila nikiingia na kuni alikuwa akiniuliza simu imesemaje.

Alhamisi jioni mama alitoa chetezo. Alikuwa amekileta toka Tanga ndani ya sanduku, kimefungwa kanga mbili, pamoja na ubani na udi, kwa kuwa nyumba ambayo haifukizwi usiku wa kuamkia Ijumaa, alisema, haina mwenyewe. Kilichokosekana ni makaa ya moto, na makaa yalikuwa mle ndani, mengi, mekundu, kuliko aliyowahi kuyaona kwa mkupuo. Hakumsumbua mtu. Alivaa glavu zangu za theluji, akashika kijiko cha majivu, akafungua mlango wa jiko.

Mlango huo una utaratibu wake. Unafungua kwanza kilango ili moshi upate njia ya mkato, unasubiri, unauachia mlango kidogo kama inchi moja, unasubiri tena, ndipo unaufungua. Kilango kikiwa kimefungwa, mlango ukafunguliwa kwa mara moja na kwa nguvu za mtu aliyezoea kupepea mkaa, moshi wote uliokuwa unasubiri zamu kwenye sega unakuta njia fupi, nayo ni sebule. Mama hakutetereka. Alichota makaa yake, akafunga mlango, akatia ubani, na moshi wa pili ukakutana na wa kwanza kwenye dari.

Ving'ora vyetu vya moshi vimeunganishwa: kimoja kikilia, vinaitikia vyote, ghorofani, ukumbini na chini kwenye ghala. Tena ni vya kusema. Sauti ya mwanamke, tulivu, ya Kiingereza, ilianza kutangaza nyumba nzima.

"Anasema nini huyu?" mama aliuliza, chetezo mkononi.

"Anasema kuna moto, mama."

"Si upo. Kwani nani kamkatalia?"

Tulifungua milango yote. Joto la siku nzima lilitoka nje kwa dakika chache, na ubani ukalifuata barabarani. Jirani mzee wa upande wa pili wa barabara, aliyekuja na kizima moto chake, alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu, akasema pananukia vizuri. Mama alimfukiza na yeye. Alisimama amenyoosha mikono chetezo kikizungushwa chini ya koti lake, kizima moto bado kakibeba, na mpaka leo akituona hutuuliza mama anarudi lini.

Majivu yana kisa chake ambacho nitakifupisha. Mama aliyataka ya kusugulia masufuria, akayaweka kwenye ndoo ya plastiki, na ndoo akaiacha kibarazani. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa siku kadhaa, ndiyo maana inatakiwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na mbao. Asubuhi ndoo ilikuwa na mshikio na ukingo tu. Kibaraza kilipona kwa rehema ya theluji.

Mwisho wa Januari jiko lilianza kuumwa. Niligundua kwanza nje: dohani ilikuwa inatoa moshi wa kijivu, mzito, kilango kikiwa kimefungwa na kila kitu mahali pake. Ndani, sindano ya kipimajoto ilipanda kidogo ikachoka. Kuni zilikwisha upesi na nyumba haikupata moto. Nilipolizima na kuliacha lipoe kabisa, nikafungua lile bamba, sega lilikuwa limefunikwa na vumbi jeupe, na pembeni, ikiwa imejibandika, kulikuwa na alama ndogo ya dhahabu iliyokuwa zamani sehemu ya maneno ya kuwatakia maharusi heri.

Sega jipya ni mamia ya dola. Lakini kuna tiba ambayo mafundi na watengenezaji wengine huipendekeza kabla ya kutoa fedha: unalipangusa kwa brashi laini, unalichemsha nusu saa hivi kwenye siki nyeupe na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, kisha unalisuuza na kulikausha vizuri. Haliponi kila mara, na likiwa limezeeka halisikii dawa. Nikachukua sufuria kubwa ya mke wangu, nikaliinjika kwenye jiko la umeme, nikatia siki. Harufu ilienea. Mama alitoka chumbani kwake akidhani kuna achari inapikwa. Akafunua mfuniko. Akalitazama lile tofali la vitundu likicheza kwenye mapovu, akanitazama mimi na mwiko wangu, akafunika.

"Maisha yangu yote nimeona watu wakipika kwa jiko," alimwambia binti yake. "Leo nimeona jiko linapikwa."

Halafu akauliza kama nimetia chumvi.

Lilikauka siku nzima juu ya rafu, nikalirudisha mahali pake usiku. Niliwasha kwa vipande vikavu ambavyo mama mwenyewe alivichagua kwa kuvigonganisha, nikasubiri sindano ivuke, nikafunga kilango. Ikapanda. Ikazidi kupanda. Nikapunguza hewa, kioo kikawa cheusi, na sebule ikaanza kupata joto la kweli, lile la kumfanya mtu avue soksi. Mama hakuridhika na habari za sindano. Alivaa koti langu juu ya kanga, akaingiza miguu yake kwenye mabuti ya mke wangu, akatoka nje kwenye theluji kuitazama dohani. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyotaka akae mtu wa umri wake kwenye baridi ile, shingo imeinuka, akingoja moshi. Aliporudi alikung'uta mabuti.

"Hakuna kitu," alisema. Alikubali kwa shida.

"Ndivyo linavyotakiwa, mama. Limekula moshi wake wote."

Alifikiri kidogo akiota mikono.

"Sasa mbu mnawafukuza na nini?"

"Huku Januari hakuna mbu, mama."

"Na Juni?"

Yeyote aliyewahi kukaa Maine mwezi Juni atajua kwa nini sikumjibu.