Nadaiwa Mita na Longonot

Wahenga walisema milima haikutani. Kuhusu mlima kukutana na mwenye kitambi, walinyamaza.

Ijumaa usiku nilitangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo: "Kesho saa nne asubuhi, mimi na familia tutakuwa kileleni Longonot. Subirini picha." Nilikuwa nimenunua buti za mtumba za kupandia milima, nzito kama deni. Mke wangu alipendekeza nizijaribu kwanza kwenda dukani. Nikamwambia buti haijaribiwi dukani.

Jumamosi tukatoka Nairobi alfajiri, mwendo wa kilomita 90 hivi kuelekea Naivasha. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, mwenye miaka 68, aliyevaa leso na raba zake za shambani. Kwa heshima zote nikamshauri atusubiri langoni, kivulini.

"Mkwe," akasema kwa upole, "mimi nimelelewa Nyandarua. Twende tu."

Mwanzoni njia ni ya kudanganya. Tambarare, pundamilia kando, nami mbele kama kiongozi wa msafara, nikiwaeleza watoto kwamba jina Longonot limetoka kwa Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wa migongo na miteremko mikali. Wamaasai walituonya tangu zamani. Mimi nililichukua onyo kama somo la lugha.

Kisha mlima ukasimama wima. Njia ni majivu ya volkano. Kiangazi huwa vumbi kama unga, na mvua zimeichimba mifereji inayommeza mtu hadi kiunoni. Mgongoni nilibeba hotipoti ya chapati na ndengu, kwa kuwa baba ndiye hubeba kizito. Katikati ya mwinuko nikahisi ujotoujoto ukiteremka uti wa mgongo. Nikadhani ni jasho. Mtoto wa mwisho akanusa hewa, akauliza, "Baba, mbona unanukia ndengu?"

Sijamjibu, soli ya buti ya kulia ikabanduka. Ilianza kupiga makofi kila hatua, pa! pa! pa!, kana kwamba inanishangilia. Mama mkwe akarudi chini kunisaidia, naam, akarudi, akachana ukanda wa leso yake, akaifunga soli kama anavyofungwa mbuzi wa sokoni. Kisha akapanda tena. Hakuwa akihema.

Nilifika ukingoni mwa kreta nikitambaa. Chini kulikuwa na msitu mzima umejificha ndani ya shimo, na nyuma yetu Ziwa Naivasha liking'aa. Nikainua mikono: "Kileleni!"

Mwanangu mkubwa akanyoosha kidole ng'ambo ya kreta, kwenye nundu iliyosimama peke yake mbali kabisa. "Baba, kibao kinasema huu ni ukingo. Kilele Ngamia ni kile pale."

Nani alikihamisha? Kuzunguka ukingo wote ni kilomita saba na ushei. Nikatangaza kwamba mtu lazima abaki kulinda chakula. Mke wangu akaitazama hotipoti, ambayo ndengu zake zote zilikuwa shatini mwangu, akasema, "Kweli, kilinde."

Akabaki na mimi, tukala chapati kavu. Mama mkwe akawachukua wajukuu wake wakaenda.

Jioni nilituma kwenye kikundi picha yangu nikiwa nimeshika kiuno, na neno moja: "Kileleni." Baada ya dakika mbili binti yangu akatuma ya kwake: nyanya yake juu ya Kilele Ngamia, leso imechanika pindoni, anatafuna muwa. Chini akaandika: "Baba alibaki na hotipoti." Ukoo mzima ukacheka hadi usiku wa manane.

Longonot ina urefu wa mita 2,776. Zaidi ya 2,000 kati ya hizo nilipandishwa na gari, chache nikapanda mwenyewe, na zilizobaki nadaiwa. Wewe unayepanga kwenda, beba maji ya kutosha, vaa viatu ulivyovizoea, na usitangaze kitu kikundini kabla hujarudi nyumbani.