Kila Mtu Salgaa Ana Dawa ya Choa

Hapa kwetu Salgaa ukitaka fundi wa springi usiku wa manane, yupo. Nyama choma ipo, chumba cha kulala kipo, wa kuziba pancha yupo, vyote kandokando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Ila ukimtafuta mtu asiye na dawa ya choa, utafika Nakuru mjini mikono mitupu.

Mateso yangu yameanzia kwa ndama wa jirani. Kuzunguka macho yake kulikuwa na mabaka ya kijivu, makavu, yaliyonyanyuka kama ukoko wa ugali. Ni mpole, basi watoto wote wa ploti wanamkumbatia. Mimi niliitwa nimshike kichwa anyweshwe dawa ya minyoo, na siku si nyingi duara jekundu likanichomoza mkononi, ukingo umeinuka, katikati pamefifia, na linawasha hasa nikishalala.

Kuwashwa nakuvumilia. Matabibu ndio walionishinda. Dereva wa trela la kwenda Malaba aliniona nikijikuna hotelini, akaacha chapati yake. "Mzee, hayo ni mashilingi. Paka oili chafu, yatakauka." Utingo wake akakataa katakata: oili chafu ni ya ng'ombe, ya binadamu ni oili ya breki! Jamani, sisi tunaoishi chini ya mteremko wa Sachangwan tunaomba jambo moja tu, oili ya breki ibaki kwenye breki.

Jirani yeye alimpaka ndama oili chafu mpaka mnyama akanuka gereji. Miezi ikapita, manyoya yakaota, na sasa anatembea kijijini akipokea pongezi. Angempaka chai ya rangi matokeo yangekuwa yale yale. Choa cha ng'ombe huletwa na kuvu aitwaye Trichophyton verrucosum, na ndama akila vizuri na kuota jua, mara nyingi hupona mwenyewe baada ya miezi michache. Maradhi ya namna hii huwapa watu sifa za bure. Kumbe vimbegu vya kuvu vimebaki kwenye nguzo za boma, na huweza kukaa hapo miaka, vikimsubiri ndama mwingine. Norway walianza kuchanja ng'ombe dhidi ya choa mwaka 1979, kwa chanjo iliyotoka Muungano wa Kisovieti. Nilipomweleza jirani, aliniuliza chanjo ya nini na oili ipo.

Kisha kuna kinyozi. Ukutani ametundika kile kisanduku cha taa ya buluu, eti ndicho kinachoua viini. Nilichungulia: mlango haufungi, na ndani mna chaja ya simu na nusu andazi. Mashine yenyewe iko mkononi mwake, imetoka kichwani kwa mtoto mwenye mapunye, yaani choa cha kichwani, meno yamejaa nywele, na mteja anayefuata ameshavalishwa shuka. Anapulizia spiriti kidogo, kwa heshima tu.

Na yule mtoto atapakwa krimu kichwani muhula mzima, wakati mapunye yamejificha ndani ya shina la nywele, mahali ambapo krimu haifiki. Yanataka dawa ya kumeza, kwa wiki kadhaa. Mojawapo, griseofulvin, ilitambuliwa mwaka 1939, na watu wameimeza tangu miaka ya 1950. Si siri ya serikali.

Lakini anayenikera kuliko wote ni muuza dawa anayekupa tyubu moja yenye dawa tatu ndani. Mojawapo ni betamethasone. Siku ya pili hujikuni, wekundu umefifia, unamwombea baraka. Kuvu naye anamwombea, maana betamethasone imeituliza ngozi ikaacha kupigana, na yeye anatanuka bila bughudha.

Kwa hiyo msomaji, soma tyubu kabla ya kutoa pesa. Ukiona betamethasone au ndugu yake clobetasol, irudishe, uombe dawa ya kuvu, clotrimazole au terbinafine, peke yake, na usiache kupaka eti kwa sababu umeacha kujikuna. Mwenye mapunye apelekwe kliniki. Na wewe jirani, ninajua unasoma gazeti hili kwa kinyozi: ndama mwingine akipata choa, mpeleke juani, watenge watoto naye, na ukimshika vaa glavu. Oili warudishie wenye malori.