Mgeni wa Kushuka na Kupanda

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee waliosema hivyo walibahatika, walipata wageni wa kufika hiyo siku ya tatu. Jembe langu liko nyuma ya mlango, mpini unaliwa na mchwa, na sijaona wa kumkabidhi. Mgeni wa siku hizi haji kukutembelea, anakupitia. Anashuka garini injini ikinguruma, anauliza pa kuchajia simu, anauliza choo, kisha analitoa lile swali linalonizeesha hapa Mamba kabla ya umri wangu: "Na hapa kuna kivutio gani cha karibu?"

Karibu na nini? Karibu na choo?

Wa Septemba alikuwa shemeji yangu, kaka wa mama watoto. Yuko Unguja miaka mingi na kazi yake ni kubeba watalii, hasa wale wanaoshushwa na meli kubwa za starehe zinazotia nanga asubuhi na kung'oa jioni. Wale watu wana shida ya kweli, nakubali. Wamepewa saa chache, na nahodha hamsubiri aliyechelewa. Wakikanyaga tu bandarini wanazingirwa na waongoza watalii. Huyu anawavutia kisiwani Changuu wakaone kobe wakubwa, uzao wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Yule anaupigia debe msitu wa Jozani, kwenye kima punju ambao asili yao ni Unguja peke yake. Wa tatu anaapa kwamba pomboo wa Kizimkazi wameamka mapema wakimsubiri mteja wake, wala hasemi kwamba Kizimkazi iko kusini kabisa mwa kisiwa. Shemeji ana kanuni yake: chagua kimoja, kiwe cha karibu, rudi kabla ya muda. Kwa kanuni hiyo analisha familia, na mimi simlaumu.

Ninachomlaumu ni kupanda nayo ndege akaja nayo huku kwetu Mpimbwe, mkoani Katavi.

"Shemeji," alinipigia, "nina harusi Sumbawanga. Nitashuka Mpanda, nikodi gari, nipite kwenu. Nafika saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri natoka. Niandalie kivutio kimoja cha uhakika."

Kana kwamba kivutio ni chapati, unakiweka kwenye hotipoti.

Jioni ile kikao kikakaa chini ya mwembe bila mimi kukiitisha. Nyumba yangu haijawahi kukubaliana hata juu ya mboga ya usiku, ndiyo itakubaliana juu ya utalii? Binti yangu wa kidato cha pili akawa wa kwanza: hifadhi. Ana madaftari yake, akasoma kama karani wa mahakama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ilianzishwa mwaka 1974, kilomita za mraba 4,471. Akaongeza hesabu yake mwenyewe, kwamba Unguja ya mjomba yote inaingia humo mara mbili na chenji inabaki. Nikamuuliza: sasa mtu wa saa chache utamwonyesha pembe ipi ya hizo Unguja mbili na chenji?

Lakini mtoto alikuwa na hoja, nisimdhulumu. Septemba ndiyo yenyewe. Mto Katuma unakuwa umekauka, kimebaki kidimbwi hapa na kidimbwi pale, na viboko kwa mamia wanabanana kwenye tope wakigombea nafasi ya kulowesha mgongo tu. Mkubwa anampanda mdogo, wa pembeni anafumbua kinywa kutoa onyo, harufu inakufikia kabla hujawaona. Mamba nao wanaingia kwenye mapango ya kingo za mto, wanalala humo kusubiri mvua kama wastaafu wanaosubiri kiinua mgongo. Nyati wanatanda mbugani Katisunga, kundi moja linaweza kuvuka elfu. Hayo yote yapo, na wageni wa kuyaona ni wachache ukilinganisha na Serengeti. Ila hayaonekani kwa kuchungulia. Unaingia, unaenda polepole, unakaa, unangoja. Na ukiwa unangoja, wenye nyumba wanatoka kukukagua.

Wenye nyumba ni mbung'o. Mbung'o wa Katavi hajali wewe ni mtalii, askari au mbunge. Anapenda bluu iliyoiva na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nikasema mapema: huyu shemeji atakuja na fulana ya bluu, tazameni.

Kijana wa bodaboda, ambaye hakualikwa, akatia neno: Ziwa Rukwa. Anapita kila siku, anajua njia, bei ataipunguza. Hapo nikakataa kwa sababu za kisayansi. Ziwa Rukwa lina kina kifupi, halina mto wa kulitoa maji, na kingo zake ni tambarare. Maji yakipanda kidogo, ufuko unakusogelea, yakishuka unakimbia. Mzazi alivua kambale mahali ambapo mtoto wake leo analisha ng'ombe. Mgeni wa kushuka na kupanda hawezi kulifukuza ziwa linalohama.

Jirani yangu mwalimu akatetea chemchemi ya Maji Moto. Kwanza ni hapo jirani, pili ni elimu. Akatueleza kwamba bonde hili la Rukwa si la kuchezea. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba chini yake kuna heliamu nyingi, na gesi hiyo hutoka na mapovu ya chemchemi. Ni ile ya kupaisha maputo ya harusi, lakini kazi yake kubwa ni kupoza mashine za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili. Mke wangu akauliza kama inaweza kupaisha na bei ya mpunga. Mwalimu hakujibu.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele. Alipoinua kichwa alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba huko hifadhini kuna mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na chini yake watu huacha sadaka kwa mzimu wa Katabi, mwenye jina lililozaa jina la hifadhi na la mkoa, na kwamba haingii mtu nyumbani kwa mwenzake akatoka bila hodi eti ana haraka. La pili, kwamba mwanawe haendi popote kabla hajala. Akaelekeza ungo kwa jogoo wangu.

Jogoo wangu! Katika vivutio vyote vilivyotajwa jioni ile, yeye peke yake ndiye aliyepitishwa bila kupingwa.

Shemeji akafika saa nne badala ya saa tatu, ndani ya Noah ya kukodi. Fulana ya bluu. Akajinyoosha uani, akapiga mwayo uliochukua muda wake, akasema, "Jamani, nimelala usingizi mzuri tangu Mpanda."

Wewe usiyeijua njia hii nikueleze alilala juu ya nini. Ukitoka Mpanda unafika Sitalike, unavuka Mto Katuma, na viboko wako pale mtoni, unawaona bila kulipa kiingilio. Ukiondoka hapo barabara inaingia hifadhini, msitu wa miombo kulia na kushoto, na ukiwa macho unaweza kuona twiga akivuka kwa hatua zake za kibwanyenye. Kisha Kibaoni, kwao Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Kisha Usevya. Kisha Maji Moto. Ndipo Mamba. Kila kilichojadiliwa chini ya mwembe, ukiondoa ziwa na mkwaju, shemeji alikipita mdomo wazi, lakini si kwa mshangao.

Kuna aliyeshuka naye garini. Mbung'o mmoja, aliyesafiri bure tangu hifadhini, alitokea nyuma ya kiti, akatua kwenye kola ya fulana na kumgonga shingoni pale pale uani. Shemeji akaruka, akajipiga kofi, akakosa. Binti yangu akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba, huyo ndiye mnyama wako wa kwanza."

Sasa ungetegemea aondoke haraka. Thubutu. Kwanza salamu, na salamu za kwetu si "mambo" na "poa". Akapelekwa kwa baba mkubwa, kwa shangazi, kwa mzee aliyemtahiri, kwa mjane wa mzee mwingine. Kila nyumba kiti, kila kiti habari za tangu alipoondoka. Aliporudi, badala ya kuchagua akaanza kulinganisha. Akatoa simu, akatafuta picha. "Nikienda Maji Moto, hifadhi nitaikosa? Nikienda hifadhini, ziwa? Kipi kinapiga picha nzuri?" Huyu ndiye anayewafundisha Wazungu kuchagua! Dereva wa Noah akawa ameshavua viatu.

Nikamwambia avae viatu vyake. Shemeji akanijibu kwa ile sauti ya watu wa pwani, laini kama halua, "Shemeji usipaniki. Wageni wangu wanamaliza Unguja kwa saa sita."

Hapo nilishindwa kunyamaza, ingawa mke wangu alinikonyeza. Nikamwambia meli ya mkoa huu tunaijua, iko ng'ambo ya milima, Ziwa Tanganyika. Ni Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Ilipokuwa ikisimama huko Karema na Ikola, mitumbwi iliifuata, watu wakashuka na kupanda wakiwa na magunia ya dagaa kichwani na kuku kwapani, mtoto akipitishwa kwa mikono kama mzigo wa posta. Hakuna aliyeuliza kivutio. Kivutio kilikuwa kupata pa kukaa. Meli ya miaka yote hiyo na abiria wake wote haikuwahi kunisumbua kichwa kama Noah moja.

Akacheka, akala. Alimla jogoo wangu kwa utulivu ambao hakuuonyesha kwa jambo jingine siku ile, paja, kisha paja la pili, akamsifia mama yake mchuzi. Mama mkwe akamwangalia anavyotafuna, akamwongeza wali kabla hajaomba. Saa nane ikapita wala hakuna aliyeigusa.

Hatimaye ikawa Maji Moto, kwa kuwa iko njiani kurudi, yaani hakuchagua kitu, barabara ndiyo iliyomchagulia. Nilimsindikiza. Dereva hakuzima gari. Shemeji akasimama pembeni ya maji yanayofuka, akachovya kidole bila kuuliza, akapiga kelele "Ala!", akakipuliza, akapiga picha kwa kidole kilichobaki salama, akanikumbatia, akapanda. Mimi nikarudi Mamba kwa bodaboda ya yule yule kijana wa ziwa, ambaye bei hakuipunguza.

Usiku simu ikaita kutoka Sumbawanga. Nyuma yake muziki wa harusi. Nikadhani anashukuru.

"Shemeji, kuna mtu hapa ananionyesha viboko wa Sitalike. Eti wako pale pale mtoni barabarani! Mbona hukuniambia?"

Basi ndugu msomaji, kama una saa chache tu, nakusihi ushuke Sitalike. Simama kando ya Katuma, tazama viboko, kunywa soda yako, panda gari uende zako. Mamba usifike, na namba yangu usiitafute. Ukiitaka hifadhi, njoo kati ya Juni na Oktoba, lala angalau siku mbili, vaa kaki, bluu iache nyumbani. Ukilitaka ziwa, waulize wavuvi wiki hiyo hiyo limehamia wapi. Na ukitaka kuja kwangu, karibu sana, milango iko wazi. Ila usingizi umalizie Mpanda, na kuku uje naye.