Vitenzi vya Texas Havina Huruma

Maneno makubwa ya Kiingereza hayanisumbui. "Refrigeration" ukishalikariri limekaa, halikuulizi kitu tena. Yanayonitesa ni yale madogo, yanayokuja kwa makundi kama mawifi: say, tell, speak, talk. Mwalimu wetu wa darasa la jioni hapa Fort Worth huyapanga ubaoni, anaacha nafasi tupu kwenye sentensi, kisha anatugeukia na tabasamu. Darasani tumo Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Warundi, na sisi Watanzania tuliokuja kwa nauli zetu, na kwa wote kusema ni kusema.

Tuanze na kupanda. Kwetu mtu hupanda mti, basi, ndege na kitanda, bei nazo zinapanda, mahindi yanapandwa, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Hapa mti ni climb, ndege ni board. Basi la DART kule Dallas ni get on, lakini gari dogo ni get in. Nikauliza sababu. Mwalimu akasema ndani ya basi unaweza kusimama na kutembea, ndani ya gari unakaa tu. Maelezo mazuri, nikayaandika. Punde akasema baiskeli nayo ni get on. Mama mmoja wa Uvira akaninong'oneza, "Baba, kwenye baiskeli nitatembelea wapi?"

Na hawa wanaotukataza kutumia kitenzi kimoja kwa kila kitu, wao wana take. Dawa take, mtihani take, bafu take, picha take, mapumziko take. Lakini kupanda kwetu ndiko kunaonekana uvivu! Haya, najua, Mmarekani anayejifunza Kiswahili naye hulia na piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na kura, na hakuna anayeumia. Huyo nampa pole, ila yeye anajifunza kwa kupenda. Mimi nina kodi ya nyumba.

Kero yangu kubwa zaidi ni vaa. Kiswahili kinasema "anavaa" na "amevaa", basi. Ile -me- ya katikati imemaliza kazi, bila gharama. Kiingereza kimetafuta vitenzi viwili: put on kwa anayehangaika na vifungo, wear kwa aliyekwisha kuvifunga. Asubuhi ya Januari, kwenye baridi, mtoto wa jirani alikuwa bado ana mkono mmoja nje ya koti, nikasimama kizingitini nikijiuliza huyu ni wa put on au ameshaingia wear. Nikamwambia "jacket!" tu, akanielewa.

Nilifikiri mateso haya ni ya kaskazini mwa Texas peke yake, mpaka nilipoteremka Houston kwa barabara ya I-45, karibu kilomita 385 kutoka Dallas. Binamu yangu anakaa kusini-magharibi ya jiji, upande wa Bissonnet. Akanipigia simu: "Kaka, toka kwenye barabara kuu, shika feeder." Feed najua ni kulisha. Nikaangaza macho nikitafuta mifugo, huku magari ya nyuma yakinipigia honi. Kumbe ni ile barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu. Watu wa Dallas huiita service road, na wahandisi wa jimbo huiandika frontage road. Jimbo moja, lami ileile. Binamu yangu amezoea kiasi kwamba alinicheka hadi nikafika mlangoni, na akaendelea kucheka tukiwa tunakula.

Hayo yote unaweza kuyakariri, lakini wenyeji wenyewe hawafuati ubao. Kamusi inasema fix ni kutengeneza. Mzaliwa wa Texas hutumia fixing to kwa jambo analokaribia kulifanya, hata kama hakuna kilichoharibika. Baadhi ya wazee hapa wakikuambia wataku-carry hadi dukani, hawakubebi mgongoni, wanakupeleka kwa gari. Kitenzi cha Kiingereza peke yake hakifai kitu mpaka ukione kimeshikana na kazi yake, kwa hiyo ndugu msomaji unayejiandaa kuja huku, orodha za ubaoni ziache kwa walimu. Na mwenyeji akikwambia "I'm fixing to leave", usimtafutie spana. Chukua mkoba wako umfuate, maana usafiri ndiyo huo unaondoka.